Scallop: gamba la baharini, pindo la gauni au chakula cha hotelini?

Ukiketi na kamati ya harusi jijini Nairobi, hasa mazungumzo yanapofika kwenye nguo na chakula, hukawii kulisikia neno scallop. Mama mmoja anataka magauni ya wasimamizi yawe na scallop kwenye pindo. Anayeshughulikia keki anasema nayo itazungushiwa scallop. Mweka hazina anataka kujua ni nani aliyeingiza vyakula vya baharini kwenye bajeti ilhali walikubaliana pilau, kuku na mbuzi wa kuchoma. Wakienda kukagua ukumbi wanakuta menyu ya hoteli imeandikwa escalope ya kuku, basi kila mmoja anarudi nyumbani akiamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Na kweli hakuna aliyekosea. Maana zote hizo zinatumika, na zote zina asili moja: mnyama wa baharini ambaye wengi wetu huku bara hatujawahi kumwona akiwa hai. Ukilijua umbo la gamba lake na njia ambayo jina lake limepita, maana zilizobaki hazikusumbui tena.

Kwa ufupi, neno hilo, ambalo hapa nitaliandika skalopu, lina matumizi makuu matatu. La kwanza ni mnyama mwenyewe pamoja na gamba lake. La pili ni ukingo wa kitu chochote uliokatwa kwa nusu duara zinazofuatana, kama mawimbi madogo yaliyopangwa mstari mmoja. La tatu ni la jikoni, na hilo ndilo lenye vurugu zaidi, kwa sababu linahusu nyama ya mnyama huyo, namna ya kuoka chakula, na pia binamu yake wa Kifaransa anayehusu vipande vyembamba vya nyama.

Mnyama anayeogelea kwa kupiga magamba

Skalopu ni moluska, yaani yumo katika kundi moja na konokono, pweza, ngisi, chaza na kome. Kama ilivyo kwa chaza, mwili wake laini umekaa katikati ya magamba mawili yaliyoshikana kwa bawaba. Wanasayansi wamewaweka skalopu katika familia iitwayo Pectinidae, yenye spishi zaidi ya 300 zinazoishi katika bahari mbalimbali duniani, ikiwemo Bahari ya Hindi. Jina hilo linatokana na pecten, neno la Kilatini la chanuo, kwa sababu gamba lake lina mifereji iliyonyooka kama meno ya chanuo.

Lichunguze gamba lenyewe. Linaanzia penye bawaba, mahali pembamba penye vipembe viwili kama masikio, kisha linatanuka kama upepeo uliofunguliwa. Matuta yake yanatoka pale chini na kusambaa hadi ukingoni, na kila tuta linapofika mwisho linaacha mviringo mdogo unaochomoza nje. Kati ya mviringo na mviringo kuna kibonde. Ukingo huo wa mviringo na kibonde, mviringo na kibonde, ndio uliozaa skalopu ya fundi cherehani, ya mwoka keki na hata ya fundi wa magari.

Lakini si haki kumwacha mnyama mwenyewe haraka hivyo, maana ana maajabu yake. Watu wengi hudhani kiumbe wa ndani ya gamba ni kipofu aliyelala mchangani akingoja kuliwa. Skalopu ana macho, tena mengi: baadhi ya spishi zina macho yapatayo 200, madogo kama vichwa vya pini, yaliyopangwa kuzunguka ukingo wa mwili. Jicho la binadamu hukusanya mwanga kwa lenzi. La skalopu linategemea kioo. Nyuma ya kila jicho kuna kioo kilichopinda, kilichojengwa kwa fuwele ndogo za kemikali iitwayo guanini. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba fuwele hizo ni za mraba na zimepangwa kama vigae vya sakafu. Mwanga unapita, unagonga kioo, unarudishwa mbele kwenye sehemu inayouhisi. Darubini kubwa za kutazamia nyota zimejengwa kwa kanuni hiyohiyo.

Na haogopi kusafiri. Chaza akishajibandika kwenye mwamba hukaa hapo maisha yake yote, ilhali skalopu wengi huweza kuogelea. Hufungua magamba polepole, maji yakaingia, kisha huyafunga kwa kishindo na maji yakaruka nje kupitia kando ya bawaba. Msukumo huo humpeleka mbele, upande wa ukingo ukitangulia, kana kwamba anaing'ata bahari. Akihisi kiti cha pwani, yule mnyama mwenye umbo la nyota anayependa kumla, hupiga magamba mara kadhaa na kutoweka.

Tabia hiyo imempa nafasi hata katika fizikia. Mwaka 1977 mwanafizikia Mmarekani Edward Purcell, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1952, alieleza kanuni ambayo leo inaitwa nadharia ya skalopu. Alijiuliza: skalopu angekuwa mdogo kama bakteria, angeweza kuogelea? Jibu ni hapana. Kwa kiumbe mdogo kiasi hicho maji ni mazito mno, na hayajali kama umefunga haraka au umefungua polepole. Anayejua kufungua na kufunga tu angesogea mbele kidogo, halafu arudi palepale alipoanzia. Ndiyo maana bakteria wengi wana mikia inayozunguka badala ya kwenda na kurudi, na wahandisi wanaotengeneza mashine ndogo sana za kutumwa ndani ya mwili wa binadamu hulazimika kuikumbuka kanuni hii.

Kuogelea huko ndiko kunakomponza kwa upande wa walaji. Ili kufunga magamba kwa nguvu anahitaji msuli mnene, mmoja tu, katikati ya mwili. Msuli huo ndio ile nyama nyeupe ya mviringo, mithili ya kizibo kinene, inayoletwa kwenye sahani za hoteli kubwa. Ulaya mara nyingi huliwa pamoja na mfuko wa mayai wenye rangi ya chungwa. Marekani ya Kaskazini kwa kawaida mfuko huo huondolewa na kubaki msuli peke yake. Wavuvi na wafugaji wakubwa wa skalopu wako nchi za mbali kama Japani, Uchina, Kanada na Marekani, hivyo anayemkuta Nairobi kwa kawaida amekuta bidhaa iliyosafiri ndani ya barafu.

Jina lilivyozunguka

Kiingereza kililipata neno hili katika karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale. Huko lilikuwa escalope, na maana yake ilikuwa gamba. Wafaransa nao walilichukua kutoka lugha za jamii ya Kijerumani. Katika Kiholanzi cha zamani kulikuwa na schelpe, gamba, na hadi leo Mholanzi huliita gamba schelp. Watu wa Skandinavia walikuwa na skalpr, maana yake ala ya kuchomekea kisu au upanga. Wazo ni lilelile: kitu kigumu kinachofunika kingine. Neno la Kiingereza shell limo katika ukoo huohuo, kwa hiyo shell na scallop ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti, mmoja akabaki kaskazini na mwingine akapitia Ufaransa.

Ile e ya mwanzo katika escalope ina sababu yake. Wafaransa wa kale waliona taabu kuanza neno kwa s iliyofuatwa na konsonanti nyingine, basi wakaweka irabu mbele. Sisi tuna taabu hiyohiyo, ila dawa yetu ni kuweka irabu katikati, ndiyo maana meli ya mvuke ikawa sitima na fundi wa gari akaomba apewe supana. Waingereza walipolichukua neno waliiondoa e, isipokuwa wale wanaochora nembo za koo, ambao hadi leo huandika escallop. Nembo ya ukoo wa Spencer, alikozaliwa Diana aliyekuwa mke wa Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza, ina magamba matatu ya aina hiyo.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa kwamba gamba liligeuka likawa na maana nyingi, kwa kuwa sisi wenyewe tumefanya hivyo na neno kombe. Pwani kombe ni kiumbe wa magamba mawili, na ni gamba lake pia. Ni sahani kubwa yenye kina. Kombe la mkono ni ule mfupa bapa wa begani. Kunywa kombe ni kunywa maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani. Lipunguze, nawe unapata kikombe cha chai, na ukirudi kwenye ukubwa unapata Kombe la Dunia. Kote humo kuna umbo moja, kitu kilichobonyea kinachoweza kushika kingine. Ndiyo sababu kwa maoni yangu anayetafuta jina la Kiswahili la skalopu hana haja ya kwenda mbali: ni aina ya kombe, na ukimwambia mtu wa Lamu kwamba ni kombe mwenye gamba la upepeo anayeogelea, ameshakuelewa.

Ukingo wa mawimbi

Matumizi ya pindo yaliingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 17, wakati mavazi ya matajiri wa Ulaya yalipokuwa yakikatwa kingo kwa mapambo. Mtu aliyatazama yale mawimbi akakumbuka gamba. Tangu hapo neno limegawanyika mara mbili: la kutaja ukingo, na la kutaja kazi ya kuukata.

Nairobi, maana hii ndiyo iliyo hai kuliko zote, na nadhani ndiyo tunayopaswa kuifundisha kwanza. Ingia sebule yoyote ya zamani ya Buruburu au Umoja uone vitambaa vilivyotandazwa juu ya makochi na chini ya redio. Vile vilivyofumwa kwa kroshia karibu vyote vina mzunguko wa mwisho wenye mawimbi. Mfumaji huchoma sindano katika tundu moja mara tano au zaidi, nyuzi zikafunguka kama upepeo, kisha anaruka matundu kadhaa, anafunga, na kuanza upepeo mwingine. Akina mama waliovifuma wakiwa vikundini au wakiwa safarini ndani ya basi wamekuwa wakifanya skalopu kwa miongo mingi, hata kama hawakuwahi kuiita hivyo.

Kwa fundi cherehani kazi hii ni ya hesabu kabla ya kuwa ya mkasi. Pindo lenye sentimita 120 likipewa mawimbi ya sentimita 8 kila moja linatoka mawimbi 15 kamili. Likipewa ya sentimita 7, wimbi la mwisho litakosa pa kukaa na mshono wa ubavuni utaonekana umepogoka. Fundi mzuri hupima kwanza, akachora kwa kufuata ukingo wa kikombe au kifuniko, kisha akaweka kipande cha pili cha kitambaa, uso kwa uso, na kushona kwa kufuata mchoro. Siri iko baada ya hapo. Kabla ya kugeuza lazima akate kwa ncha ya mkasi ndani ya kila kibonde, karibu kabisa na mshono bila kuugusa. Asipofanya hivyo kitambaa kinajikunja na kuvutana, na mawimbi yanatoka yamebanwa. Ukiona gauni la skalopu lisilotulia, mara nyingi tatizo liko kwenye vile vibonde ambavyo havikukatwa. Naiandika hii kwa sababu wateja hulaumu kitambaa, na kitambaa hakina kosa.

Watu huchanganya pia skalopu na zigizaga. Zigizaga ina pembe kali juu na chini. Skalopu ina mviringo upande wa nje, na pembe inabaki ndani, kwenye kibonde. Kisu cha mkate ni mfano mzuri, kwa kuwa viko vyenye meno makali kama msumeno na viko vyenye makali ya mviringo. Hivyo vya pili huitwa vya skalopu.

Hata barabara ya Kirinyaga, kwenye maduka ya vipuri, neno hili lina kazi. Tairi likiliwa kwa vishimo vinavyopishana kuzunguka ukingo wake, juu chini, juu chini, Waingereza husema limeliwa kiskalopu. Mara nyingi chanzo ni shokomzoba zilizochoka. Gurudumu linarukaruka badala ya kukanyaga lami sawasawa, kila linapotua linajikwangua mahali fulani, na alama zinabaki. Kubadilisha tairi peke yake ni kupoteza pesa, kwa sababu jipya nalo litaliwa hivyohivyo.

Huko baharini yupo papa mwenye kichwa cha nyundo ambaye jina lake la Kiingereza lina neno hili, kwa sababu ukingo wa mbele wa kichwa chake una vibonde. Jina lake la kisayansi ni Sphyrna lewini, na anapatikana katika maji ya Afrika Mashariki. Hali yake ni mbaya. Biashara yake ya kimataifa iliwekewa masharti na CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 2013, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, linamhesabu miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Hana undugu wowote na moluska tunayemzungumzia, ila anastahili kujulikana zaidi ya jina lake.

Na ndani ya mapango ya mawe ya chokaa maji yanayopita huchonga kuta zikawa na vibonde vya umbo hilohilo. Vibonde vidogo humaanisha maji yalipita kwa kasi, vikubwa kwamba yalipita polepole. Mtaalamu anaweza kusimama katika pango kavu na kukwambia mto wa zamani ulielekea wapi.

Jikoni

Sasa escalope ya kuku. Katika hoteli za Nairobi hicho ni kifua cha kuku kilichopasuliwa, kikapondwa kwa nyundo ya nyama hadi kikawa chembamba, kikachovywa kwenye yai na chenga za mkate, kikakaangwa. Hakuna kiumbe wa baharini humo. Lakini neno ni lilelile la Kifaransa cha kale lililomaanisha gamba. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba kipande chembamba cha nyama kikipata moto hujikunja na kubonyea kama gamba. Waitalia wana scaloppine, vipande vidogo vya namna hiyo. Kwa hiyo mweka hazina wetu akiona escalope, atulie, ni kuku.

Viazi vya skalopu ni kitu kingine tena. Hivyo ni viazi vilivyokatwa vyembamba, vikapangwa kwenye bakuli, vikamiminiwa maziwa au krimu na kuokwa. Wapo wanaosema jina limetoka kwa neno la zamani la Kiingereza, collop, kipande cha nyama. Wapo wanaosema limetoka kwa gamba, na mimi naona hawa ndio wenye hoja nzito. Vitabu vya mapishi vya Uingereza vya karne ya 18 vina chaza waliowekwa ndani ya magamba ya skalopu, wakanyunyiziwa chenga za mkate na siagi, wakaokwa. Gamba lilikuwa ndilo sahani. Baadaye bakuli likachukua nafasi ya gamba, viazi vikachukua nafasi ya chaza, na jina likabaki na mapishi.

Cha kunifurahisha zaidi kiko Australia. Katika jimbo la New South Wales ukienda duka la samaki na chipsi ukaomba skalopu ya viazi, unapewa kipande cha kiazi kilichochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa ndani ya mafuta mengi. Mkazi wa Parklands au Ngara angekitazama na kusema hiyo ni bhajia iliyokosa dania na pilipili.

Kuna neno moja ambalo halihusiki kabisa, japo hufanana sana kwa tahajia: scallion, yaani kitunguu cha majani. Lenyewe limetoka kwa jina la mji wa kale wa Askaloni, ambao Biblia inautaja katika nchi ya Wafilisti, na Warumi waliuhusisha na aina fulani ya kitunguu. Anayefuata mapishi ya intaneti haraka haraka anaweza kusoma moja akanunua jingine, na tofauti ya bei itamkumbusha.

Gamba la Yakobo na kituo cha mafuta

Wafaransa wa leo humwita skalopu coquille Saint-Jacques, gamba la Mtakatifu Yakobo. Wajerumani husema Jakobsmuschel, maana ileile. Yakobo huyo ni mwana wa Zebedayo, mmoja wa mitume 12, ambaye mapokeo ya Kikatoliki yanasema amezikwa Santiago de Compostela, kaskazini magharibi mwa Hispania. Tangu Enzi za Kati mahujaji wamekuwa wakienda huko kwa miguu kutoka pande zote za Ulaya. Magamba ya skalopu yalipatikana katika pwani ya karibu, basi hujaji alirudi nalo likiwa limeshonwa kwenye kofia au joho, ushahidi kwamba alifika. Lilifaa pia kuchotea maji. Wachimbaji wamekuta makaburi ya zama hizo ambamo marehemu alizikwa na gamba lake. Leo njia zote za hija hiyo zina alama ya gamba kwenye nguzo na kuta.

Mkatoliki wa Nairobi hahitaji kusafiri kuliona. Chombo ambacho mapadri wengi hutumia kumimina maji kichwani mwa mtoto anapobatizwa hutengenezwa kwa umbo hilo. Papa Benedikto wa 16 alipochaguliwa mwaka 2005 aliliweka katikati ya nembo yake.

Halafu kuna gamba ambalo kila abiria wa matatu analijua, lile la manjano na nyekundu. Familia ya Samuel ya London ilianza kwa kuuza vitu vya kale na magamba ya mapambo kutoka nchi za mashariki. Wana walipoingia kwenye biashara ya mafuta walikumbuka duka la baba yao, na mwaka 1897 Marcus Samuel akaipa kampuni jina Shell. Nembo ya kwanza ya mwaka 1901 ilikuwa gamba la kome. Mwaka 1904 ikabadilishwa ikawa la skalopu, nalo limebaki, likirahisishwa kila baada ya muda. Hapa Nairobi jina hilo limekuwa la kuelekezea njia, mtu anakwambia shuka pale Shell. Tanzania wamekwenda mbali zaidi, kwani sheli imekuwa neno la kituo chochote cha mafuta, awe nani mwenye nacho.

Yanayosemwa, na ukweli wake

Husemwa kwamba skalopu na chaza ni kitu kimoja. Wana undugu wa mbali tu. Chaza huliwa mzima, mara nyingi mbichi. Kwa skalopu kinacholiwa hasa ni ule msuli.

Husemwa pia kwamba skalopu wa hotelini ni nyama ya taa, yule samaki bapa, iliyokatwa kwa kikopo. Uvumi huo ni wa zamani na umezunguka nchi nyingi. Anayetaka kujihakikishia atazame nyuzi za nyama. Kwa skalopu halisi zinakwenda wima, kutoka uso wa juu hadi wa chini, na vipande havilingani kwa ukubwa, kwa kuwa wanyama hawalingani. Udanganyifu ulio wa kawaida zaidi ni wa maji. Baadhi ya wasindikaji huwaloweka skalopu kwenye maji yenye kemikali ya fosfeti ili wavimbe na kuongeza uzito, nao wakifika kwenye kikaango hutoa maji mengi na kukataa kugeuka rangi ya kahawia.

Swali ambalo Waadventista na wengine wanaofuata Mambo ya Walawi 11 huuliza ni hili: andiko linaruhusu viumbe wa majini wenye mapezi na magamba, na skalopu ana gamba, je, si halali? Hapa Kiswahili chetu kinaleta utata wake chenyewe. Magamba yanayotajwa pale ni yale madogo yanayofunika ngozi ya samaki, yale unayoyaparua kabla ya kupika. Gamba la skalopu ni nyumba ya mwili wake, na mapezi hana. Kwa anayeifuata sheria hiyo, skalopu hamo. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, viumbe wa baharini kwa jumla wanaruhusiwa, ilhali wa Hanafi wengi hujifunga kwa samaki tu.

Kuhusu matamshi, hakuna sababu ya kumcheka mwenzako. Wapo Waingereza wanaosema skolop na wapo wanaosema skalop, na kamusi zao zinakubali yote mawili.

Jambo ambalo si la mzaha ni mzio. Mtu aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya kula kamba au kaa asijipe moyo kwamba skalopu ni mnyama wa kundi tofauti. Ni kweli kamba ni krasteshia na skalopu ni moluska, lakini wote wana protini iitwayo tropomayosini, na ingawa haifanani kabisa, mwili wa baadhi ya watu huipokea kama adui yuleyule. Wapo wanaodhurika na kamba peke yake, wapo wanaodhurika na wote wawili, na kuonja kidogo mezani si njia salama ya kujua uko upande gani. Kipimo hufanywa na daktari, na mhudumu wa hoteli aambiwe kabla hajapeleka oda jikoni, kwa sababu kikaango kilichopikiwa skalopu kinaweza kutumika dakika mbili baadaye kupikia escalope yako ya kuku.